Mtoto Mgongoni, Ndege Mtini

Nyinyi watu wa Nyakoe mna maneno. Tangu nirudi Jumanne niko juu ya nyumba yangu na nyundo, na kila anayepita barabarani anasimama hapo chini, anainua kichwa, anauliza: "Nyakundi, huko Nyamira walikufanya nini?" Nimejibu wengi nikiwa na misumari mdomoni, na kila mmoja ameenda kuuza hadithi yake sokoni. Jana nimesikia ati nimeingiwa na pepo. Kwa hivyo nimeshuka, nimekaa juu ya debe, nimeandika yote mara moja. Makosa msinihesabie. Mnajua shule niliiachia form two, na hata hiyo form two nilikuwa nakaa karibu na dirisha.

Nyakoe: leso ya maua

Dada yangu Kerubo mnamjua, ni mwalimu hapa kwa shule yetu. Aliitwa semina ya walimu, mambo ya sayansi na mazingira, wiki nzima: siku moja Mosocho, siku moja Masimba, halafu Nyamira mpaka mwisho. Headmasta alimwambia wazi kwamba atakayerudi na cheti ndiye atapewa sayansi ya grade seven. Bila cheti, darasa linaenda kwa mwingine. Sasa Kerubo hiyo sayansi ameitaka tangu tukiwa wadogo, akipasua panzi nyuma ya jikoni huku mimi nikilia kwa niaba ya panzi.

Shida ilikuwa Bonareri, mtoto wake wa miezi mitano, bado ananyonya. Shemeji yuko kazi Nakuru. Moraa, msichana anayemshika mtoto, aliamka siku hiyo na matubwitubwi, mashavu kama maandazi mawili. Mama yetu ana magoti yake. Tulikuwa tumekaa jikoni, na taratibu nikaona macho yote yamehama kutoka kwa moto yamekuja kwangu.

"Mimi?" nikauliza.

"Wewe," Kerubo akasema.

"Lakini mimi ni mwanaume."

"Tunajua," mama akajibu, "lakini wiki hii utakuwa na faida."

Basi nikafungwa mtoto mgongoni na leso ya maua mekundu. Kutoka kwetu mpaka barabarani si mbali, lakini siku hiyo ilikuwa mbali. Ukungu ulikuwa bado umelala kwa migomba, na nikaomba usiinuke mpaka nipite. Uliinuka. Yule mama jirani wa kwa kisima akaacha jembe.

"Yaye! Nyakundi, huyo mtoto umemwiba wapi?"

"Ni wa Kerubo, mama. Naenda semina."

"Semina ya nini? Ya kunyonyesha?"

Nilisikia kicheko chake mpaka nilipofika lami. Bonareri alikuwa ameshalala, shavu limebandikwa kwa mgongo wangu kama stempu.

Mosocho: chupa za udongo na paja la kuku

Mosocho walimu walikuwa wengi, na basi la shule limekodishwa la kutupeleka mbele. Dereva alikuwa jamaa wa upande wa ziwa, anaitwa Omondi, mtu wa njugu mfukoni na maneno mdomoni. Aliniangalia mimi, akaangalia leso, akaangalia mimi tena.

"Ndugu yangu, kwenu wanaume wote wanabeba hivi ama ni wewe umechaguliwa?"

"Ni mtoto wa dada yangu. Yeye ni mwalimu, mimi ni yaya."

"Yaya!" Akapiga usukani kwa furaha. "Hii safari itakuwa nzuri."

Mkufunzi mkuu alikuwa Madam Akinyi, mama mrefu wa miwani, sauti ya kengele. Aliwapa walimu kila mmoja chupa, udongo, na maji, wakatikise, waweke chini, wangoje. Mimi nilisimama kwa dirisha, mahali pangu pa zamani. Chupa zilipangwa mezani zikiwa kahawia tupu kama chai ya matanga, halafu polepole, bila mtu kugusa, mchanga ukashuka kwanza, juu yake udongo laini, juu yake maji yakaanza kuwa na mwanga. Jua likaingia likapita ndani yake. Nimelima udongo huo miaka yote na sikujua umebeba mistari kama leso. Nilisimama hapo nikisahau miguu. Bonareri pia aliangalia. Sisi wawili tulikuwa wanafunzi wazuri kuliko walimu, kwa sababu wao walikuwa wanasikizia harufu ya chakula.

Mchana nikaenda jikoni kutafuta maji ya moto. Mama mpishi mmoja akaniona, akaweka mkono kwa shavu.

"Pole sana, baba."

Nikajua ananihurumia kwa mzigo. "Asante, mama."

"Na bado mdogo hivi! Mungu peke yake ndiye anajua."

"Kweli, mama."

Akaita wenzake, wakaja, wakaniangalia kama wanaangalia kaburi. Nikawekwa kwa stuli. Ikaja ugali wa wimbi, ikaja mboga ya chinsaga iliyolala kwa maziwa usiku mzima, ikaja paja la kuku. Halafu paja lingine. Ni kwa paja la pili, mdomo umejaa, ndipo nilielewa kwamba hawa mama wameniona mwanaume na mtoto mchanga, wakajijazia kwamba mke wangu amekufa.

Mtu mwenye roho nzuri angetema mfupa aseme ukweli. Mimi nilifikiria, nikitoa ukweli sasa, hili paja litarudi wapi? Nikanyamaza. Kunyamaza si uongo, nilijiambia. Huo ndio ujinga wa kwanza wa safari, uwekeni alama.

Omondi aliona yote kutoka mlangoni. Tangu hapo jina langu kwa basi likawa Bwana Mjane.

Masimba: walimu wameanguka

Siku ya pili, kabla ya kufika Masimba vizuri, mvua ya usiku ilikuwa imefanya barabara ya shule tuliyokuwa tunaenda kuwa uji. Basi likaingia kwa uji, likakataa. Omondi akashuka, akazunguka, akarudi na viatu viwili ambavyo havikuwa viatu tena.

"Tutakaa hapa," akatangaza. "Nani ana chai?"

Madam Akinyi hakupoteza muda. Aliwashusha walimu kwa uwanja wa nyasi kando ya barabara, akawapa kila mtu kamba ya kuzungushia kipande cha nyasi, kidogo tu, upana wa sinia. "Laleni kwa tumbo," akasema. "Muangalie ndani. Mniambie mnaishi na nani."

Wakalala. Walimu wakubwa, wengine na tai, wengine na sketi za kanisa, wamelala kwa tumbo kwa nyasi yenye maji, kimya kabisa. Ukungu ulikuwa unapita juu yao polepole kama blanketi inayovutwa. Mimi nilikuwa natembea katikati nikimbembeleza mtoto, na nilisikia tu manong'ono: "Huyu ana mabawa." "Huyu amebeba mwenzake." Ilikuwa kama watu wanaota pamoja ndoto moja.

Ndoto ilivunjwa na mwenye duka. Alitoka, akaona watu wengi wamelala kando ya basi lililoinama, akapiga nduru. Watu wa Masimba wakaja mbio na mitungi ya maji. Mama mmoja alimwagia mwalimu wa Kiswahili maji baridi kwa shingo, yule mwalimu akaruka na kupiga kelele, na mama akasema, "Asante Yesu, huyu amefufuka!"

Baada ya kuelewana, hao hao watu ndio walisukuma basi. Na wakatuletea ndizi za kuchemsha kwa beseni. Yule mama wa maji aliniona na mtoto.

"Na wewe?"

Kabla nifungue mdomo, Omondi akasema kwa huzuni kubwa, "Huyo muache tu, mama. Huyo ni mjane."

Nikapewa ndizi mara mbili.

Nyamira: mti ulioinamia maji

Tulifika Nyamira jioni, shule ya mabweni upande wa majani chai, wanafunzi wakiwa likizo. Hiyo sehemu, sijui niwaambie namna gani. Majani chai yanapanda kilima na kushuka kama mtu amechana nywele za dunia. Asubuhi ukungu unakaa kwa bonde, na unasikia wachumaji wanaongea ndani yake lakini huoni mtu, sauti tu zinaelea. Nikiamka na mtoto saa kumi na mbili nilikuwa nazunguka hapo nusu nimelala, na mara nyingi sikujua kama nimeamka ama naota nimeamka.

Alhamisi Madam Akinyi akatoa mtihani wenyewe. Kila mwalimu achague kitu kimoja chenye uhai, kimoja tu, akiangalie siku nne mfululizo: Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. Aandike kila siku alichoona. Jumatatu asimame mbele afundishe kwa hicho. Hapo ndipo cheti kinapotoka ama kinakosekana.

"Siku nne ni nne," akasema. "Ukiruka moja, huo si uchunguzi. Hiyo ni hadithi."

Nikaona walimu wa Sabato wameangaliana. Nyinyi mnajua kwetu: Ijumaa jua likizama, kalamu inalala. Yeye Madam ni Mkatoliki wa upande wa ziwa, hakuwa na ubaya, alihesabu siku tu. Lakini walimu wetu ni werevu. Mmoja akachagua kisiki kilichoota uyoga mkavu. Mwingine akachagua kuvu kwa jiwe. Vitu ambavyo Jumamosi vitakuwa vile vile vya Ijumaa, unajaza tu Jumapili "hakuna mabadiliko."

Kerubo akachagua ndege.

Nyuma ya bweni kulikuwa na kijito, na mti wa mzambarau wa porini umeinamia maji. Ndege mmoja wa manjano, wale wafumaji wanaotumalizia majani ya migomba, alikuwa ameanza nyumba kwa ncha ya tawi. Wenzake walikuwa mti wa ng'ambo, kelele kama soko, yeye alikuwa peke yake upande huu. Alikuwa na alama: unyoya mmoja wa mkia haukuwepo, kwa hivyo mkia ulikuwa na pengo kama mdomo wangu.

"Dada," nikamwambia, "chagua kisiki. Ndege hajui Sabato."

"Kisiki hakinifundishi kitu."

"Na Jumamosi utafanya nini?"

"Nitaacha mstari wazi. Nitasema kwa nini."

"Na yeye atakunyima cheti."

Kerubo alikuwa ameshaanza kuandika. Alhamisi ndege alifunga pete ya majani tu, duara, unaona mbingu katikati. Ijumaa alijaza, akichana jani la mgomba kwa mdomo, vrrrp, analeta uzi mrefu wa kijani, anaingiza, anavuta, anafunga fundo. Mdomo tu, hana mikono! Mimi nina mikono miwili na kufunga nepi ilinishinda. Jioni nyumba ilikuwa mviringo kamili, kijani kibichi, mlango unaangalia chini kwa maji. Kerubo akaandika: nyumba imekamilika. Jua likagusa majani chai. Akafunga daftari, akalizungushia raba, akalitia chini ya nguo kwa sanduku.

"Sabato njema, Nyakundi."

"Sabato njema, dada."

Sabato: nje ya dirisha

Asubuhi wote walioabudu siku hiyo wakaenda kanisa la hapo karibu na kijito. Mimi pia niliingia, nimechana nywele. Wimbo wa kwanza haujaisha, Bonareri akaanza wake. Mnajua desturi, mwenye mtoto anayelia anatoka nje. Nikatoka, kina mama wakinisindikiza na macho ya huruma, nikakaa chini ya ule mzambarau, kutoka hapo unasikia kanisa lote kwa dirisha.

Hapo nilikaa mpaka mchana. Sikuwa na kalamu, sikuwa na daftari, sikuwa na kazi. Mtoto alinyamaza mara moja. Alikuwa anaangalia juu.

Ndege alikuwa ananing'inia chini ya nyumba yake, kichwa chini, anapiga mabawa, manjano yote nje, anaimba kama mtu anayeita abiria. Akaja ndege jike, kahawia, wa kawaida tu, hana haraka. Akatua. Akaingia ndani. Nyumba ikatikisika. Akatoa kichwa mlangoni, akavuta uzi mmoja, akauachilia. Akavuta mwingine. Halafu akaruka akaenda zake. Dume akaimba tena, akarekebisha pale palipovutwa. Akaja jike wa pili, huyo hata hakumaliza kuingia.

Wakati huo mchungaji alikuwa anaomba, na sauti ikanifikia wazi: "Na tumkumbuke ndugu yetu mgeni aliye hapo nje na mtoto mchanga, aliyeachwa na mwenzake katika ujana, Bwana umfute machozi..." Amina ya watu ikatikisa mabati. Habari ilikuwa imepanda basi na sisi kutoka Mosocho. Kwa dirisha nikaona kichwa cha Kerubo, benchi ya tatu, kinageuka polepole, polepole, kama cha bundi, mpaka macho yakanipata. Nikajificha nyuma ya shina.

Nilipoinua macho, dume alikuwa ametulia juu ya tawi. Alikaa hivyo muda mrefu. Maji yanapita, kanisa linaimba, mtoto anapumua kifuani. Halafu akashuka kwa nyumba yake, akashika fundo la kwanza, akalifungua.

Jamani, aliibomoa. Hakukasirika, hakupiga kelele. Alifungua uzi mmoja mmoja, vile vile alivyofunga, na nyuzi zikawa zinaanguka kwa maji zinaenda. Mwisho nyumba ikakatika nusu, kipande chenye mlango kikaanguka kwa nyasi karibu na mguu wangu. Nikakiokota nikampa Bonareri, akakilamba, nikakitia kwa mfuko wa nepi. Kama kuokota ni kazi, Mungu anisamehe. Alipomaliza, tawi lilikuwa tupu, limebaki fundo moja tu. Akaruka kwa migomba, akarudi na uzi mbichi, akaanza pete.

Kerubo alikuwa apite hapo baada ya chakula na walimu, ile matembezi yetu ya Sabato ya kuangalia uumbaji. Lakini mvua ya Nyamira haikosi saa yake. Ilinyesha mpaka giza.

Jumapili asubuhi alitoka na daftari akiwa na haraka. Nilimkuta amesimama chini ya mti, mdomo wazi. Juu kulikuwa na pete tu.

"Nyumba iko wapi?"

Nikamwambia yote. Akaniangalia, macho yamejaa maji.

"Nyakundi, leo si siku ya mzaha. Jana kanisa zima limelia kwa sababu ya mke wako ambaye hayuko duniani kwa sababu hakuwahi kuwa. Leo unaniambia ndege amebomoa nyumba yake nzima?"

"Dada, nimeona."

"Wewe kila kitu umeona."

Akaandika alichoona yeye: Jumapili, pete. Mstari wa Jumamosi ukabaki mweupe. Sikuwa nimewahi kutamani kuaminiwa mpaka hiyo dakika, na nilipotafuta imani mfukoni nilikuta mifupa ya kuku.

Jumatatu: shahidi

Zamu ya Kerubo ilipofika nilikuwa dirishani. Alifundisha vizuri, alichora nyumba ubaoni mpaka ungetaka kuhamia. Madam Akinyi akachukua daftari, akavua miwani, akavaa.

"Alhamisi, pete. Ijumaa, nyumba kamili. Jumamosi, hakuna. Jumapili, pete. Mwalimu, hii nyumba inazaliwa upya? Ama ulibadilisha tawi?"

"Sikubadilisha, Madam. Jumamosi ni Sabato yangu, siandiki."

"Nakuheshimu. Lakini jambo lenyewe limetokea siku hiyo hiyo. Nani aliliona?"

Kerubo aliangalia sakafu, akaangalia ubao, halafu akaangalia dirisha. Nilijua anapima kama cheti chake akiweke kwa mikono ya mtu kama mimi.

"Kuna shahidi," akasema. "Ndugu yangu."

Nikaingia na mtoto mgongoni. Chumba kizima kikaguna kwa huruma. Mwalimu wa kisiki akanong'ona, "Ni yule aliyefiwa." Kumbe hata mpishi wa hiyo shule alikuwa mlangoni, na Omondi nyuma yake na njugu.

"Kwanza," nikasema. "Kwanza sijafiwa. Mtoto ni wa huyu dada yangu. Mimi sijaoa hata mara moja."

Kelele! Mpishi wa Nyamira akashika kiuno. "Na yale mayai mawili niliyokuongezea?"

"Nisamehe, mama. Yalikuwa mazuri."

Madam Akinyi akagonga meza. "Mwalimu Kerubo. Mtu aliyekula kuku ya kufiwa bila kufiwa, huyu ndiye shahidi wako?"

"Ndiye niliye naye, Madam."

Hilo neno lilinichoma. Nikafunga macho, nikafanya vile tunafanya kanisani mtu akiitwa kutoa ushuhuda: nikaanza kutoka mwanzo, bila kuongeza. Jike wa kwanza alivuta nyuzi mbili. Wa pili hakumaliza kuingia. Dume akakaa muda wa wimbo mmoja na maombi. Akaanza kufungua fundo la juu, si la mlangoni. Nikataja pengo la mkia. Nilipofungua macho hakuna aliyekuwa anacheka, na hiyo kwangu ni kitu kigeni.

Nikaingiza mkono kwa mfuko wa nepi, nikatoa kile kipande. Kilikuwa na harufu, siwezi kuwadanganya. Madam Akinyi alikipokea kwa mikono miwili kama yai. Akageuza, akaangalia mlango, akavuta uzi mmoja wa mgomba. Halafu akatoka, na sisi sote nyuma yake, walimu, wapishi, dereva, mpaka kijitoni.

Ndege alikuwepo. Mkia una pengo. Pete ilikuwa imeshaanza kuwa ukuta, na kwa tawi lile lile, nyuma kidogo ya fundo jipya, kulikuwa na fundo kuukuu, limekauka kahawia, halina nyumba.

Tukasimama. Ukungu ulikuwa unatoka kwa maji.

"Kwa nini aliibomoa?" Madam akaniuliza, polepole.

"Sijui, Madam. Nilichoona nimesema. Kama ni kukisia..."

"Kisia."

"Nakisia wamekataa nyumba. Mimi najua kidogo. Nilijenga nyumba pale Nyakoe, vyumba vitatu, nikiwa na msichana moyoni. Ukoo wao wakamtuma esigani, yule mtu wetu wa kuja kupeleleza boma kabla ya ndoa. Alikuwa shangazi mmoja. Akaingia, akaangalia juu, akavuta kitasa cha mlango kikabaki mkononi mwake. Akanywa chai, akaenda, hawakurudi. Sasa ni miaka. Ile nyumba naweka mahindi ndani, na kila siku nasema ni yeye hakuwa na macho."

Madam Akinyi alikuwa anacheka bila sauti, mabega tu. Akamrudishia Kerubo daftari na kalamu.

"Jumamosi usiandike wewe. Andika leo, kwa tarehe ya leo, maneno ya shahidi. Halafu aweke jina lake na sahihi."

Nikaweka daftari kwa goti, mtoto anavuta sikio langu, nikaandika jina langu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza jina langu kukaa kwa daftari la sayansi bila alama nyekundu karibu yake. Kerubo aliangalia ile sahihi muda mrefu kuliko alivyoangalia cheti chake jioni.

Kurudi Nyakoe

Kurudi hakukuwa na mengi. Mosocho niliomba Omondi asimamishe, nikaenda jikoni nikawaambia wale kina mama ukweli. Mmoja alinipiga na mwiko, kidogo tu. Kisha akaniuliza kama ni kweli sina mke, na kama nyumba ninayo.

"Ninayo," nikasema, "lakini ingoje kidogo."

Kwa basi Kerubo alikaa karibu na mimi, mtoto akinyonya chini ya leso, majani chai yanaisha polepole nje, migomba inaanza. Nilidhani amelala.

"Kile kitasa," akasema bila kufungua macho, "si nilikuambia kitatoka?"

"Uliniambia."

"Na mabati ya nyuma yanavuja."

"Hiyo pia uliniambia."

Sasa mmejua. Hakuna pepo. Asubuhi ya kwanza nilipanda juu, na Moraa, mashavu yamerudi ya kawaida, alikuwa amesimama chini na Bonareri mikononi. Nilianza na msumari wa juu. Nilipovuta bati la kwanza, mwanga ukaingia kwa chumba ambacho hakijaona jua tangu yule shangazi aende, ukashuka kwa magunia, vumbi la mahindi likapanda ndani yake kama ule udongo kwa chupa, likielea, halina haraka.

Bonareri aliinua kichwa, akaangalia juu vile alivyomwangalia ndege, akacheka mpaka akapata kwikwi.

Huyo ndiye esigani wa kwanza kuipenda hii nyumba. Kwa hivyo mkipita, msiniulize tena. Nipitishieni nyundo.